Aliyetangulia Mji wa Bembea

Mara ya kwanza Minza wa kioo alipoanguka, mama yake, Milembe, alikuwa jikoni akimenya viazi vitamu.

Kioo kilikuwa ukutani, juu ya meza ya chakula, na Milembe alikuwa amekiwasha huku akiendelea na shughuli zake, kama mtu anavyofungulia redio. Binti mfanyakazi wa Mji wa Bembea aliyeshughulikia safari yao alikwisha kumwambia kwamba wazazi wengi hawaangalii majaribio, husubiri majibu tu. Lakini Milembe alikuwa mpimaji wa asali katika ushirika wa wafuga nyuki wa Tabora, mtu aliyezoea kuonja kwanza na kusema baadaye, na mtoto aliyekuwa naye ni huyo mmoja. Akaona si vibaya kutupa jicho.

Alichokiona kilimchekesha. Ndani ya kioo, mbele ya lango la Mji, alisimama msichana wa miaka mitano mwenye gauni la njano na kovu gotini, akirukaruka kwa mguu mmoja na kuimba kiwimbo chake kisicho na maneno. Alikuwa Minza mtupu. Hata namna ya kuvuta sikio la kushoto anapowaza jambo ilikuwemo. Kisha lango likafunguka, msichana akaingia kwenye daraja la kuelekea ndani, na taa za daraja zikaanza kumetameta pande zote, zikiwaka na kuzima kama vimulimuli waliopandwa na wazimu. Msichana akapunguza mwendo. Akasimama. Macho yakapanda juu, mdomo ukaenda upande, akaita "Mama," na kabla hajasema la pili akaanguka ubavu, mwili ukaanza kutetemeka.

Kisu kilimponyoka Milembe. Alijikuta yuko uani, hajui hata mlango ameufunguaje. Minza alikuwa amechutama chini ya kamba ya nguo, anapika maandazi ya udongo.

"Mama, umeona nyoka?"

"Hapana, mwanangu. Nimekuja kukutazama tu."

"Haya, nitazame."

Akamtazama, mpaka mtoto akachoka kutazamwa na kumpa andazi moja ale. Aliporudi ndani, kwenye kioo hakukuwa na mtu aliyeanguka. Msichana wa gauni la njano alikuwa tena mbele ya lango, anarukaruka, anaimba.

* * *

Kifafa kilimwanza Minza akiwa na miaka miwili. Dawa zilikituliza, hazikukifukuza. Taa zinazochezacheza, ngoma zinazopigwa kwa muda mrefu, hata furaha ikizidi kipimo, vyote viliweza kumwangusha. Kwa hiyo harusi alizisikia kwa mbali, na sikukuu alizitazama akiwa dirishani, na watoto wa jirani walipokwenda kwenye maonyesho ya wakulima yeye alibaki na bibi yake akichambua mchele.

Watoto hao hao ndio waliomletea habari za Mji wa Bembea. Zamani, upande wa Kahama, watu walichimba dhahabu mpaka likabaki shimo ambalo aliyesimama ukingo wa huku humwona wa ng'ambo kama siafu. Dhahabu ilipokwisha, wachimbaji wakaondoka. Wakaja wengine wakajaza maji chini, wakapanda majani kwenye ngazi za miamba, kisha wakatundika bembea: za kukaa mmoja, za kukaa ukoo mzima, za kwenda polepole kama machela, na moja kubwa inayomchukua mtu kutoka ukingoni na kumpeleka juu ya maji akiwa na anga kila upande. Tangu Minza aliposikia habari hiyo, nyumba haikupumua. "Tunaenda lini?" Asubuhi lini, jioni lini.

Daktari aliposema inawezekana, lilibaki sharti la Mji wenyewe. Mtoto mwenye maradhi ya namna hiyo haingizwi mpaka pacha wake atangulie. Minza alivishwa bangili nyepesi, akakaa nayo masika yote. Bangili ilisikiliza moyo wake, mishtuko yake, vicheko, usingizi, hasira za kunyimwa sukari. Kutokana na hayo mashine ilimfuma Minza mwingine na kumweka katika Mji mwingine, mfano wa ule wa kweli, tofali kwa tofali. Kazi ya huyo ilikuwa kuishi siku ya matembezi tena na tena, asubuhi, adhuhuri, penye mawingu, penye jua, akianzia huku au kule, mpaka ipatikane njia ambayo hataanguka. Njia hiyo ndiyo wangepewa wazazi, pamoja na kibali.

Kwenye vitabu vya Mji jina lake lilikuwa kielelezo. Lakini watu walimwita pacha, na mama mkwe wa Milembe, Bibi Holo, hakulipenda jina hilo hata kidogo.

"Kwetu pacha si neno la mchezo," alisema siku bangili ilipovuliwa. "Pacha akija, ukoo mzima unakaa chini. Nyie mmemleta kwa kipande cha plastiki, halafu mmemtuma kazi kabla hajanywa hata uji."

Walicheka siku ile, Milembe naye alicheka.

* * *

"Shikamoo, mama Minza," alisema yule binti wa Mji, uso wake ukijitokeza kwenye kona ya kioo. Aliitwa Tuntufye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Marahaba. Tuntufye, ameanguka."

"Ndiyo, mama. Ndiyo kazi yake."

Milembe alilipima neno hilo. "Anaumia?"

"Hana mwili, mama. Ni hesabu tu inayofanana na mtoto."

"Sikukuuliza habari za mwili. Aliniita. Nimesikia."

Tuntufye alitazama pembeni, kama mtu anayetafuta jibu aliloliweka mahali. "Minza angekuita, naye huita. Angelia, naye hulia. Kinachoendelea ndani yake... mama, waliotengeneza wenyewe hawakubaliani. Sisi tumeelekezwa kusema hahisi." Kisha akaongeza kwa haraka, "Na akianguka tunafuta. Hakumbuki chochote. Kila mara kwake ni mara ya kwanza."

"Na ameshaanguka mara ngapi?"

"Daraja linamsumbua. Lakini mashine inajifunza, inakaribia kupata. Mpe muda."

* * *

Lubango, baba Minza, alikuwa fundi wa mitambo ya ishara za reli. Alirudi jioni na mafuta mikononi, akamkuta mkewe amegeuza kiti chake kisielekee ukutani.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumdharau, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yawe magumu kujibu.

"Mama Minza, mimi kabla ya kupitisha treni njiani, napitisha treni ya kwenye kioo. Ikigongana ndani ya kioo, nashukuru, maana haikugongana nje."

"Treni haiiti mama yake."

"Sawa. Basi nikuulize. Lazima mmoja aanguke ili tujue pa kupita. Ungependa aanguke nani? Yule, au huyu?" Alionyesha chumbani, ambako Minza alikuwa akimsimulia bibi yake hadithi isiyo na kichwa wala miguu.

Mama gani anaulizwa swali hilo akasita? Lakini Milembe alisita, na kusita kwenyewe kulimtisha.

"Labda tusiende," alisema mwishowe.

"Umwambie wewe."

Bibi Holo alikuwa amesimama mlangoni, Minza amemning'inia kwenye khanga. "Mnagombania nini?"

"Safari, mama," alisema Lubango.

"Safari haigombaniwi. Anayesafiri huulizwa." Akamchukua mjukuu wake kwenda kumwogesha, na wao wakabaki wanatazamana.

* * *

Jumamosi asubuhi Milembe aliomba kuingia. Mji uliwaruhusu wazazi kutembea na pacha mara moja, ikiwa walitaka, kwa kuvaa miwani. Wachache walitaka. Alikaa kwenye kochi, akaivaa, sebule ikayeyuka.

Jua la huko lilikuwa jua kweli, na harufu tu ndiyo haikuwepo. Pacha alikuwa mbele ya lango. Alipomwona alikuja mbio, akamkumbatia miguu, na ingawa Milembe hakuhisi kitu chochote magotini, mkono wake ulikwenda wenyewe kichwani kwa mtoto.

"Mama! Leo tunaenda kwenye bembea!"

"Tunaenda."

Waliongozana hadi lango lilipofunguka. Daraja lilikuwa mbele yao, taa bado hazijawaka. Hapo mtoto akasimama. Kiwimbo kikakata. Akashika sikio la kushoto, akalivuta.

"Sitaki huku."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Umewahi kufika hapa?"

Pacha alifikiri sana, paji la uso limekunjamana. "Hapana," alisema. "Lakini sitaki, mama. Tumbo langu halitaki."

Milembe alichutama mbele yake. "Tuntufye," aliita, akijua anasikia. "Ulisema mnafuta."

Sauti ya binti ilitoka juu, bila uso. Ilichelewa kidogo. "Tunafuta picha, mama. Hatufuti funzo. Tukifuta na funzo, mashine itaanza moja kila mara, na njia haitapatikana."

"Kwa hiyo hakumbuki alichofanyiwa, ila woga wake mmemwachia."

"...Ndiyo. Ukisema hivyo, ndiyo."

Pacha hakuyasikia mazungumzo hayo, au hakuyajali. Alikuwa ameona kitu kingine. Kando ya lango, mfanyakazi mmoja alikuwa akisukuma kigari cha aiskrimu. Hakwenda darajani. Alifungua mlango mdogo wa kijivu, akatokomea.

"Mama, yule anapita wapi?"

"Sijui. Hebu tumfuate."

Wakafika kwenye mlango ule. Milembe akausukuma, ukagoma kama ukuta.

"Huo ni wa wafanyakazi," alisema Tuntufye. "Una lifti ya mizigo inayoshuka hadi chini. Wageni hawautumii."

"Hauna taa zile?"

"Hauna. Lakini pacha anaruhusiwa njia za wageni tu. Ndivyo mashine ilivyowekwa."

"Yaani mtoto huyu ameangushwa siku zote hizi kwenye daraja, na mlango uko hapa, hatua chache?"

Milembe aliusukuma mlango tena, haukusogea.

"Hakuna aliyewahi kumwuliza anataka kupita wapi?"

"Mama Minza... hakuna anayezungumza nao."

Mtoto alimvuta mkono. "Mama, tukae hapa tu. Hapa pazuri." Na kweli walikaa, wawili hao, wakiegemea mlango uliofungwa, wakihesabu vigari. Muda wa ziara ulipokaribia kwisha, Milembe alisema, "Tuntufye, simamisha majaribio. Asirudishwe darajani. Nasema kama mama yake."

"Mkisimamisha, kibali hakitatoka. Na likizo ndiyo hiyo inaanza."

"Nimesikia."

Alipovua miwani, uso wake ulikuwa umelowa, na Minza alikuwa amekaa kwenye kochi karibu naye, akimtazama kwa makini.

* * *

Angeweza kumdanganya. Mtoto wa miaka mitano hudanganyika kwa pipi. Lakini neno la mama mkwe, kwamba anayesafiri huulizwa, lilikuwa linamkereketa tangu juzi, na Milembe akaamua kuanzia hapo.

"Minza, unakumbuka ile bangili? Iliwasaidia watu wa bembea kutengeneza Minza mwingine. Yuko ndani ya kioo. Yeye anatangulia kule, aone ni wapi ungeanguka."

Macho ya mtoto yalipanuka. "Ana gauni la njano?"

"Analo."

"Na anaanguka kama mimi?"

"Anaanguka. Ameanguka sana. Ndiyo maana nalia."

Minza aliinamia vidole vyake vya miguu, akavichezesha. Milembe alijiandaa kwa kilio, au kwa maswali asiyoyaweza.

"Sasa yeye anabembea saa ngapi?"

"Nani?"

"Huyo wa kwenye kioo. Kama kila siku anaanguka mlangoni, anabembea saa ngapi?"

Lubango alikuwa amesimama karibu na jiko na kikombe mkononi. Alikiweka mezani polepole sana, kama kinachoweza kulipuka.

"Hajabembea," alisema Milembe. "Hajafika hata mara moja."

"Si haki," alisema Minza, kwa sauti ile ile anayotumia akinyimwa zamu na watoto wa jirani. Kisha akatoa hukumu yake: "Abembee kwanza. Mimi nitangoja."

Lubango alitoka nje, akarudi, akatoka tena akajifanya anafunga kamba ya nguo ambayo haikulegea. Mwisho alikuja akakaa kando ya mkewe.

"Lile swali nililokuuliza juzi," alisema. "Lilikuwa na mtego na mimi mwenyewe sikuuona. Nilisema lazima mmoja aanguke. Nani alisema ni lazima?"

* * *

Tuntufye aliita Jumatatu. Safari hii sauti yake haikuwa ya mtu aliyelala vizuri.

"Mama Minza, nimeangalia," alisema. "Nina miaka mitatu katika kazi hii na sikuwahi kuangalia. Tunapewa majibu tu, kijani au nyekundu. Jana nilikaa nikaangalia majaribio yote ya Minza, moja baada ya jingine. Sikuweza kula."

"Pole, mwanangu," alisema Milembe, na alimaanisha.

"Nimekwenda kwa mkubwa wangu. Kwanza alikataa. Akasema lifti ya mizigo si ya wageni, itaharibu sura ya Mji. Nikamwambia aje aangalie nami dakika moja. Hakumaliza dakika." Akavuta pumzi. "Mlango nimeufungua, kwenye kioo. Kama mnataka kuwa naye, nimewaombea ruhusa ya pili, twende sasa."

Walikwenda wote wawili, kwa miwani miwili, huku Minza wa kweli akikaa katikati yao kochini na kudai asimuliwe kila kitu. Pacha aliufungua mlango wa kijivu kwa mikono yote miwili. Lifti ilikuwa pana, chafu kidogo, na masanduku ya soda yamepangwa ndani. Ilishuka ikilalamika. Mlango wa chini ulipofunguka, shimo lote lilikuwa juu yao, kijani kwa kijani, na bembea zikipita angani zikiwa na watu wanaopiga kelele.

"Anafanya nini?" aliuliza Minza.

"Amesimama," alisema Lubango. "Amefungua mdomo."

Hawakumpeleka popote. Walimwuliza. Hakuitaka ile bembea kubwa inayokwenda juu ya maji. Alitaka bembea ya machela, ile ya polepole, akapanda, akashuka, akapanda tena. Alitaka kulisha bata. Alitaka kukaa tu kwenye majani akitazama wengine. Alipochoka alisema amechoka, wakampumzisha kivulini. Mashine, ambayo ilikuwa imewekwa kutafuta siku yenye bembea nyingi zaidi bila kuanguka, haikuwa imewahi kufikiria siku yenye bembea mbili tu. Alasiri pacha alilala mapajani mwa Milembe, kinywa wazi, mkono mmoja bado umeshika majani.

"Imekuwa kijani," alisema Tuntufye kwa sauti ya chini. "Kibali kitatoka. Na lifti, mkubwa amekubali, mtoto yeyote mwenye maradhi haya atashushwa nayo. Nimeomba na taa za daraja zipunguzwe. Hilo bado linajadiliwa." Akasita. "Kuna jambo moja. Mji unaomba kumbakiza pacha. Amejifunza mengi. Wapo watoto wengine wenye kifafa, anaweza kuwatafutia njia. Kisheria uamuzi ni wenu."

Milembe alitazama uso ule uliolala. Aliwafikiria watoto wengine, waliokaa madirishani Mpanda na Manyoni na kwingineko, ambao mama zao hawakuwa na muda wa kukaa na kioo. Hawakuwa watu wa kufikirika. Huenda mmoja wao angeanguka mahali ambapo huyu angemwonya. Alijua hilo, na kulijua hakukumsaidia.

Lubango ndiye aliyesema. "Wapeni mlango. Wapeni lifti, na siku ndogo kama hii, na kwamba mtoto aulizwe. Alichojifunza kwa kupenda, chukueni chote. Yeye mwenyewe asiamshwe kwenda kuanguka tena."

"Na akiamshwa ili acheze?" aliuliza Tuntufye.

Mume na mke walitazamana kupitia nyuso zao za kioo. "Peke yake, bila mama?" alisema Milembe. "Hapana. Ameshalala vizuri. Mwacheni alale."

Kama walikosea, hawakulijua siku ile, na hata baadaye Milembe hakuwahi kuwa na hakika. Alimweka pacha kwenye majani, akamfunika kwa kitu ambacho hakikuwa na uzito, kisha akavua miwani.

"Amebembea?" aliuliza Minza.

"Amebembea mpaka akalala."

"Haya. Sasa zamu yangu."

* * *

Treni iliwashusha Kahama asubuhi, wakapanda gari la Mji. Tuntufye aliwapokea langoni mwenyewe. Kumbe alikuwa mfupi, na alikuwa amewaletea ndizi. Alimfungulia Minza mlango wa kijivu kwa heshima zote, na wafanyakazi wawili wenye masanduku wakasogea kumpisha. Bibi Holo, aliyekataa kubaki nyumbani, aliingia kwenye lifti akiwa ameshika ukuta kwa mikono miwili na kutamka majina ya wazee wake wote waliotangulia.

Chini, Minza hakufuata mpango. Bata hakuwataka kabisa, walimtisha. Bembea ya machela aliipanda mara moja, akasema ni ya watoto wadogo. Alitaka ya ukoo mzima, nao wakapanda wote, bibi katikati, na walipopaa hewani Bibi Holo alitoa kigelegele kilichowageuza watu shingo mpaka ng'ambo ya shimo. Milembe alicheka mpaka mbavu zikauma. Walishuka, Minza akawa anawavuta tena kwenye foleni, na hapo hapo, mahali ambapo hapakuwa na taa wala ngoma, mahali ambapo mashine ilipaona salama, mkono wa mtoto ukalegea ndani ya mkono wa mama yake.

Ilikuwa furaha tu. Ilizidi kipimo.

Milembe alimdaka kabla hajagusa chini. Akamlaza ubavu, akamwekea khanga chini ya kichwa, akamfungua kifungo cha shingoni. Lubango alitazama saa. Walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi kwenye sakafu ya nyumba yao, lakini hawakuwahi kufanya mbele ya watu, na Milembe alisikia foleni nzima ikinyamaza nyuma yake. Aliingoja ile minong'ono. Mtu mmoja aliuliza kama wamtie kijiko mdomoni. "Hapana, ndugu yangu," alisema Lubango kwa utulivu. "Anapita tu. Atarudi." Kisha jua likapungua. Milembe aliinua macho, akaona wanawake watatu wasiofahamiana wamezinyoosha khanga zao juu ya mtoto kama hema, wamewapa migongo waliokuwa wakitaka kutazama.

Tetemeko likapoa. Minza akalala, kama alivyolala siku zote baada ya kuanguka, kichwa mapajani. Tuntufye alikuwa amesimama kando, uso wa majivu. "Tulisema kijani," alinong'ona. "Mama, nisamehe. Tulisema ni salama."

"Kaa chini, mwanangu," alisema Milembe. "Salama ndiyo hii."

Wakakaa wote kwenye majani. Bibi Holo aligawa ndizi, na wale wanawake wa khanga wakapata zao. Mmoja wao alisema kwamba ana mtoto wa dada yake nyumbani, kijana mkubwa sasa, ambaye hajawahi kutolewa nje siku ya sikukuu. Alimtazama Minza akipumua.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Minza alipofungua macho. Yalichukua muda kuwakusanya: mama, baba, bibi, binti mfupi mwenye ndizi. Kisha yakapanda juu, kwenye bembea zilizokuwa zikipita.

"Nilianguka?"

"Ulianguka," alisema Milembe. "Umelala, umeamka."

Mtoto alilipokea hilo, akajifuta mate kwa mkono wa gauni. "Tumepoteza foleni?"

Yule mwanamke wa khanga alikwisha kusimama. "Mwenyewe yuko hapa!" alipaza sauti kuelekea mbele, kwa watu. "Huyu alikuwa mbele yetu, jamani, mpisheni apite!" Na foleni, iliyokuwa ndefu na yenye haraka zake, ikafunguka katikati.

Minza alinyoosha mikono abebwe. Lubango akambeba, na familia yote ikapita katikati ya watu, bibi akiwa wa mwisho, akiwasalimia wa kushoto na wa kulia.